Chemsha Bongo Kabla ya Januari: Kumwandaa Mhitimu wa Darasa la Saba kwa Kiingereza cha Sekondari

Mazungumzo kwa wazazi, walezi, walimu na viongozi wa kata na vijiji



Kila mwaka, kwa kawaida katika mwezi wa Septemba, watoto wa darasa la saba huweka kalamu chini baada ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kuanzia siku hiyo hadi shule za sekondari zinapopokea kidato cha kwanza mwezi Januari, hupita takribani miezi minne. Wapo watoto wanaosaidia shambani katika kipindi hicho, wapo wanaochunga, wapo wanaokaa kwenye genge la mama, na wapo wanaokwenda kuwatembelea ndugu mjini. Kazi hizo zina faida yake na hakuna anayezidharau. Hata hivyo, Januari huwasubiri wote na jambo moja zito: lugha ya kufundishia inabadilika. Mtoto aliyejifunza Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili kwa muda wote wa elimu ya msingi katika shule ya serikali hukuta Biology, Physics, Chemistry na Geography zikifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Walimu wa kidato cha kwanza wanaifahamu hali inayofuata. Mtoto aliyekuwa mchangamfu darasani hukaa kimya. Hunakili ubaoni asichokielewa. Akiulizwa swali hutazama chini, na si kwamba hajui jibu, bali hajajua ameulizwa nini. Shule huwapa wanafunzi wapya masomo ya utangulizi ya Kiingereza katika wiki za mwanzo, na msaada huo ni mkubwa, lakini wiki chache haziwezi kubeba mzigo wote. Swali la mazungumzo haya ni hili: familia, shule ya msingi na kijiji vinaweza kufanya nini katika miezi minne ya kusubiri, bila gharama kubwa, ili mtoto afike Januari akiwa na maneno ya kumwezesha kufuata somo?

Jibu linalopendekezwa hapa ni chemsha bongo: michezo ya maswali na majibu, yenye alama, zamu na ushindi, inayochezwa kwa simu pale simu ilipo, na kwa kadi za karatasi pale isipokuwapo.

Mtoto haanzi upya

Ni vema kwanza kuondoa dhana moja. Mhitimu wa darasa la saba haingii kidato cha kwanza akiwa mtupu. Anafahamu kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, na neno usanisinuru analijua. Anafahamu mmeng'enyo wa chakula, mzunguko wa damu, sumaku, msuguano, pembetatu na asilimia. Elimu hiyo ameipata kwa lugha anayoielewa vizuri, na ndiyo mtaji wake. Anachokikosa, kwa sehemu kubwa, ni majina ya vitu hivyo kwa Kiingereza: kwamba usanisinuru ni "photosynthesis", mmeng'enyo ni "digestion", msuguano ni "friction" na pembetatu ni "triangle".

Kundi la pili la maneno ni dogo, lakini uzito wake ni mkubwa zaidi. Haya ni maneno ya kuamuru yanayoanza maswali ya mitihani: "explain" likidai maelezo ya sababu, "describe" likidai sifa au hatua za jambo, "compare" likidai ulinganisho, "mention" likidai orodha fupi, na "differentiate" likidai tofauti. Mwanafunzi anayejua yote kuhusu moyo wa binadamu lakini asiyetofautisha "mention" na "explain" huandika orodha mahali palipohitaji maelezo, na alama zinapotea.

Kwa hiyo kazi ya miezi minne si kumfundisha mtoto Kiingereza chote, jambo lisilowezekana. Kazi ni kumpa funguo kadhaa za milango anayoijua tayari. Hesabu yake haitishi. Maneno 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, katika wiki 16, ni maneno 400. Mtoto anayefika Januari na maneno 400 ya masomo yake, akiyakumbuka kweli, atausikiliza mdomo wa mwalimu kwa masikio mengine.

Neno zito katika sentensi hiyo ni kukumbuka. Maneno mengi mtoto amekwisha kuyaona, na mengi yamekwisha kumtoka. Hapo ndipo mchezo wa maswali unapopata nafasi yake.

Kwa nini kuuliza kunazidi kusoma tena

Jamii zinazozungumza Kiswahili zimekuwa na mchezo wa aina hii kwa vizazi vingi. Jioni, baada ya chakula, mmoja husema "Kitendawili!" na wengine huitika "Tega!" Anayeshindwa hudaiwa mji, naye huutoa, na mtegaji huenda kuuzuru huo mji kwa maneno matamu kabla ya kufichua jibu. Mle ndani yamo yote ambayo leo huitwa michezo ya kujifunzia: swali, muda wa kufikiri, malipo ya kushindwa, sifa ya kushinda, na watu waliokaa pamoja. Wazee waliona kwamba jambo ambalo mtoto amelitafuta kichwani mwake hukaa kuliko jambo aliloambiwa tu.

Wataalamu wa elimu-nafsi wamelipima jambo hilo, na mojawapo ya vipimo vinavyotajwa sana ulimwenguni kilifanywa kwa maneno ya Kiswahili. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger wa Marekani. Wanafunzi wa chuo kikuu wasiojua Kiswahili walipewa jozi 40 za maneno, neno la Kiswahili na maana yake kwa Kiingereza, kwa mfano "mashua" na "boat". Walisoma, kisha wakaulizwa, kisha wakasoma tena na kuulizwa tena, mpaka wote wakawa wamelipatia kila neno walau mara moja.

Tofauti ilikuwa katika jambo moja. Baadhi yao waliendelea kuulizwa maneno yote, hata yale waliyokwisha kuyapatia. Wengine, neno walilolipatia mara moja liliondolewa kwenye maswali, ingawa waliendelea kulisoma pamoja na mengine. Baada ya wiki moja waliitwa na kupimwa. Walioendelea kuulizwa walikumbuka takribani asilimia 80 ya maneno. Walioacha kuulizwa, lakini wakaendelea kusoma, walikumbuka takribani asilimia 36. Na wanafunzi wenyewe hawakuiona tofauti hiyo ikija: walipotakiwa kukisia mapema, makundi yote yalitarajia kukumbuka karibu nusu.

Mafunzo mawili yanatoka hapo. La kwanza ni kwamba kulisoma daftari mara kwa mara humfanya mtoto ajisikie kwamba anajua, kumbe hisia hiyo si kipimo. La pili ni kwamba neno lililopatiwa mara moja lisitupwe nje ya mchezo. Linapaswa kurudi kuulizwa kesho, wiki ijayo na mwezi ujao.

Boksi la viatu na vyumba vyake

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni, katika saa na siku za kwanza, kisha hupunguza kasi. Kwa hiyo neno jipya linahitaji kuulizwa upesi na mara nyingi mwanzoni, na kila linapozidi kushika mizizi, nafasi kati ya swali na swali inaweza kurefushwa.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliandika kitabu kwa Kijerumani akieleza njia rahisi ya kufuata kanuni hiyo kwa kadi na boksi. Njia hiyo inafaa katika nyumba yoyote ya wilaya hii, kwa sababu haihitaji umeme.

Karatasi moja ya manila ikikunjwa katikati mara tano na kukatwa kwenye mikunjo hutoa kadi 32. Karatasi 13 hutosha kwa maneno 400, na zikikosekana, majani ya daftari la zamani yenye upande mmoja mweupe hubandikwa mawili mawili. Upande mmoja wa kadi huandikwa neno la Kiswahili, upande wa pili neno la Kiingereza na sentensi fupi yenye neno hilo. Boksi la viatu hugawanywa kwa vipande vya boksi gumu kuwa vyumba vitano.

Kadi mpya zote huanza chumba cha kwanza. Kadi iliyojibiwa vizuri husogea chumba kinachofuata. Kadi iliyokosewa, hata ikiwa imefika chumba cha nne, hurudi cha kwanza. Chumba cha kwanza huulizwa kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu mara moja kwa wiki, cha nne kila baada ya wiki mbili, na cha tano mara moja kwa mwezi. Hapo mchezo unajiendesha wenyewe: maneno magumu hurudi mara nyingi na mepesi hupumzika. Mtoto huyaona maendeleo yake kwa macho, jinsi chumba cha tano kinavyojaa.

Faida moja ya kadi isisahaulike, nayo inawahusu wazazi moja kwa moja. Mzazi asiyejua Kiingereza hata neno moja anaweza kuwa msimamizi wa mchezo huu. Hushika kadi, husoma upande wa Kiswahili kwa sauti, mtoto huandika jibu kwa kijiti mchangani au kwa chaki kwenye kipande cha ubao, kisha hulinganisha herufi kwa herufi na upande wa pili wa kadi. Bibi aliyeketi anachambua mboga anaweza kuuliza maneno kumi kabla sufuria haijachemka. Mtoto huona kwamba elimu yake ni jambo la nyumba nzima, na mzazi hajitengi kwa kisingizio kwamba hakusoma.

Pale ambapo simu ipo

Michezo ya maswali iliyomo kwenye simu imeenea sana katika miaka ya karibuni. Duolingo, iliyoanzishwa na Luis von Ahn na Severin Hacker huko Marekani, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2012, na mwaka 2017 iliongeza kozi ya Kiswahili kwa wageni wanaojua Kiingereza. Kahoot ilitoka Norway mwaka 2013 na hutumiwa zaidi madarasani: swali huonekana ukutani, na wachezaji huchagua jibu kwa rangi na umbo kwenye vifaa vyao. Hapa Tanzania, kipindi cha runinga cha Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014, kiliwapa watoto nafasi ya kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida.

Programu hizi huvuta kwa mambo yanayofanana: alama kwa kila jibu, hesabu ya siku ulizocheza mfululizo bila kukosa, ngazi za kupanda, na msimamo wa washindi kama wa ligi ya mpira. Mambo hayo yana kazi ya kweli, kwa kuwa humrudisha mtoto kwenye zoezi kila siku, na kila siku ndiyo siri ya kujifunza lugha.

Familia yenye simu janja moja inayotumiwa na wote inashauriwa kuzingatia mambo manne.

Kwanza ni gharama ya bando. Ipo michezo inayotaka intaneti kila dakika, na ipo inayoweza kupakuliwa mara moja na kutumika bila mtandao. Anki, ambayo kwa simu za Android hutolewa bure, ni mojawapo ya hizi za pili. Hufanya kazi ile ile ya boksi la viatu, kwa kuwa humwezesha mtumiaji kuandika kadi zake mwenyewe na yenyewe hupanga siku ya kila kadi kurudi. Kijana wa kidato cha tatu au cha nne anaweza kuziandika kadi za mdogo wake jioni moja.

Pili ni muda. Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Mtoto aliyekaa saa mbili siku ya Jumamosi, kisha asiguse tena mpaka Jumamosi nyingine, hupata pungufu ya yule aliyecheza robo saa kila siku.

Tatu ni usalama. Programu nyingi humtaka mtumiaji ajiandikishe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ulinzi wa kwanza huanzia nyumbani. Mzazi awepo wakati wa kujiandikisha, jina kamili la mtoto, picha yake na jina la shule visiwekwe, na sehemu ya malipo ifungwe ili mtoto asinunue kitu kwa kubonyeza tu.

Nne ni shule. Wanafunzi hawaruhusiwi kubeba simu shuleni, na chemsha bongo isiwe sababu ya kuvunja utaratibu huo. Mahali pa simu ni nyumbani, chini ya macho ya mlezi.

Mchezo unapoharibika

Ndugu wazazi na walimu, mchezo wa maswali ukisimamiwa vibaya unaweza kuzaa kinyume cha kilichokusudiwa. Mambo matatu yanahitaji tahadhari.

La kwanza ni kubahatisha. Swali lenye majibu manne ya kuchagua humpa asiyejua kitu nafasi moja kati ya nne. Katika maswali 20, mtoto anayefumba macho na kuchagua hupata, kwa wastani, 5. Tena hata anayejua nusu hulitambua jibu akiliona, ilhali asingeweza kulitoa mwenyewe. Darasani Januari hakuna atakayemwonesha majibu manne. Dawa yake ni nyepesi: majibu yafunikwe kwanza kwa kiganja, mtoto aseme au aandike jibu lake, ndipo afunue na kuchagua.

La pili ni mbio. Michezo mingi humpa alama nyingi anayejibu haraka. Katika hesabu za vidole jambo hilo linafaa, lakini katika lugha mpya humwadhibu mtoto makini anayepanga sentensi kichwani. Msimamizi wa mchezo wa kadi atoe muda sawa kwa wote, kwa mfano kuhesabu polepole hadi kumi, na alama ziwe sawa kwa aliyejibu mwanzo na aliyejibu mwisho.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni aibu. Msimamo wa washindi unapobandikwa ukutani, watatu wa juu hufurahi na watatu wa chini hupoteza hamu. Kicheko kimoja tu kwa matamshi ya mtoto kinaweza kumfunga mdomo kwa muhula mzima. Mazoea ya kucheka Kiingereza cha mwenzake yameenea mitaani, madarasani na hata kwenye mikutano ya watu wazima, na madhara yake ni makubwa. Vilevile, katika baadhi ya shule iliwahi kuwapo desturi ya kumvisha kibao mtoto aliyekutwa akizungumza Kiswahili. Desturi kama hiyo humfundisha mtoto kuionea haya lugha yake na kuiogopa ile ngeni kwa wakati mmoja, na mtu hajifunzi kusema kwa kuogopa kusema.

Chemsha bongo nzuri huwapanga watoto katika vikundi, kila kikundi kikiwa na wepesi na wazito, na alama huwa za kikundi. Aliyekosea huulizwa swali lile lile tena baada ya maswali matatu, na akilipata mara ya pili kikundi chake kinapewa alama kamili. Hapo kosa linakuwa sehemu ya mchezo. Mtoto mwenyewe ashindane na jana yake: idadi ya kadi zilizofika chumba cha tano wiki hii, ikilinganishwa na wiki iliyopita.

Kutoka kwenye neno hadi kwenye kinywa

Kadi na simu hufundisha maneno. Maneno peke yake hayajawa lugha bado, kama vile matofali yaliyorundikwa kiwanjani hayajawa nyumba. Mtoto anaweza kuwa na alama maelfu kwenye simu na akashindwa kumwomba mwalimu arudie maelezo.

Kwa sababu hiyo kila kipindi cha maswali kimalizike kwa kusema. Baada ya kadi kumi, mtoto achague tatu na kutunga sentensi moja kwa kila moja, kwa sauti. Kuanzia mwezi wa pili, maswali yawe ya sentensi nzima: mmoja anauliza "What is friction?" na mwingine anajibu kwa maneno yake, hata yakiwa machache na yenye makosa. Kuanzia mwezi wa tatu, watoto wawili wapeane zamu, mmoja akiwa mwalimu na mwingine mwanafunzi, na mwalimu wa mchezo aeleze jambo moja alilojifunza darasa la saba: mbegu inavyoota, au maji yanavyochemka na kuwa mvuke. Jambo tayari analijua, hivyo nguvu zake zote huelekea kwenye lugha.

Zipo pia sentensi chache zinazostahili kuingia kwenye kadi mapema kuliko jina lolote la kisayansi: ya kumwomba mwalimu arudie, ya kuuliza maana ya neno, ya kusema kwamba hajaelewa. "Please repeat." "What does this word mean?" "I do not understand." Mtoto mwenye sentensi hizi tatu, na ujasiri wa kuzitumia, hatakaa kimya kwa wiki nzima asijue kinachoendelea.

Kuhusu matamshi, kadi haina sauti. Hapo wanahitajika watu: kaka au dada aliye sekondari, mwalimu anayeishi kijijini, au mtumishi wa zahanati aliye tayari kutoa nusu saa kwa wiki. Mwalimu akitamka maneno ya wiki mara mbili mbili, na watoto wakarudia, inatosha kuwavusha hadi wiki nyingine.

Yanayoweza kufanyika katika kata

Mpango huu hauhitaji jengo jipya. Mambo yafuatayo yako ndani ya uwezo wa kata na kijiji.

Shule ya msingi inaweza kuandaa orodha ya maneno kabla watoto hawajaondoka. Mwalimu wa Kiingereza akae na mwalimu wa Sayansi na wa Hisabati, wapitie vitabu vya darasa la sita na la saba, wachague maneno 400 na kuyagawa kwa wiki 16. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, hivyo mwalimu anaweza kuviona hata vile vya kidato cha kwanza na kuhakikisha kwamba orodha yake inaelekea kule watoto wanakokwenda. Kuzikata na kuziandika kadi ni kazi ya watoto wenyewe, kwa sababu kuliandika neno ni hatua ya kwanza ya kulijua.

Shule ya sekondari ya kata inaweza kuwapa wanafunzi wake wa kidato cha pili na cha tatu jukumu la kuwa wasimamizi wa vikundi wakati wa likizo ya Desemba. Ni wao waliovuka mto huo hivi karibuni na wanajua kina chake kilipo. Naye anayemfundisha mwenzake hupata faida maradufu.

Kitongoji kinaweza kutenga mahali na siku: chini ya mti, kwenye ofisi ya kijiji, au kwenye ukumbi wa nyumba ya ibada, alasiri moja kwa wiki. Vikundi vya watoto watano hadi wanane vinatosha. Pasipo kadi za rangi, pembe nne za uwanja huwa majibu manne. Kila mtoto huandika kwanza jibu lake kwenye karatasi, kisha hukimbilia pembe yake, na ile karatasi humzuia kufuata mkumbo.

Muda upangwe kwa haki. Watoto wa kike mara nyingi hubaki na kazi za jikoni na kuchota maji wakati kaka zao wakiwa huru. Ratiba inayowekwa saa ya kuteka maji imewaondoa wasichana kabla mchezo haujaanza. Mwenyekiti wa kitongoji aliulize jambo hilo mapema, kaya kwa kaya. Vilevile, mtoto asiyesikia vizuri apewe maswali ya kuandikwa, na asiyeona vizuri aulizwe kwa sauti. Wote wawili wataingia kidato cha kwanza, na mchezo uwe na kiti chao.

Matokeo ya mtihani yakitoka katikati ya kipindi hiki, wapo watakaovunjika moyo. Vikundi visiwafukuze. Mtoto ambaye hakuchaguliwa kuendelea na sekondari bado ana maisha mbele yake, na maneno 400 ya Kiingereza yatamfaa chuo cha ufundi, dukani au kwenye biashara yake, maana maelekezo ya mashine, dawa na mbolea mara nyingi huandikwa kwa lugha hiyo.

Ndugu wananchi, Kiswahili ndicho kilichowafundisha watoto hawa kufikiri, na hakuna sehemu ya mpango huu inayotaka kiachwe. Kila kadi ina Kiswahili upande mmoja, na ndio unaosomwa kwanza. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyelelewa na kufundishwa vema kwa lugha yake hapotezi mwaka mzima wa sekondari kwa kukosa majina ya vitu anavyovifahamu.

Kazi ya kuanzia wiki hii ni ndogo. Mwalimu aandike maneno 25 ya kwanza. Mzazi anunue karatasi moja ya manila na mkasi wa kuazima. Mtoto azikate kadi na kuziandika kwa mkono wake. Jioni, kazi zikiisha, mtu mmoja nyumbani ashike kadi ya kwanza na kuuliza.